Kibao Kimoja Kulia

Filimbi ya Kristian ilitoa sauti moja ndefu, Efrazia akaibonyeza sauti ileile kwenye piano, na papo hapo zote mbili zikaanza kugombana chini ya paa la kanisa.

Hazikugombana kwa fujo. Ziligombana kama watu wa nyumba moja wasiotaka majirani wasikie: karibu zifanane, karibu zikubaliane, lakini katikati yao kuna kitu kinatetemeka na kukwaruza meno. Njiwa aliyekuwa amelala kwenye boriti alitoa kichwa, akatazama chini, akahama upande wa pili.

"Hata njiwa kasikia," Kristian alisema, akaishusha filimbi. "Nilikuambia, mama Janeth."

"Puliza tena. Ishushe kidogo."

"Nimeshaivuta hapa kichwani mpaka inataka kuachana. Haishuki zaidi ya hapo. Hii ni chuma, siyo mpira."

Efrazia alichukua kanga iliyokuwa begani akaanza kufuta unyevu kwenye vibao vya piano, vyeupe kwanza, kisha vyeusi. Kila asubuhi ukungu wa kijiji cha Mgwashi uliingia kanisani bila kugonga mlango, ukakaa kwenye viti kama muumini, na kila mara alipokuja kupiga, kazi yake ya kwanza ilikuwa kufuta. Alifanya hivyo tangu akiwa msichana. Vidole vyake vilikuwa vimekomaa kwa jembe, kucha zikiwa na ule weusi wa udongo usiotoka hata kwa sabuni ya mche, lakini vilipopita juu ya vibao vilipita taratibu, kama anafuta uso wa mtoto aliyelala.

"Jumatatu si mbali, baba Janeth," alisema hatimaye.

Kristian alipitisha ulimi nyuma ya meno yake ya mbele. Yalicheza. Yalikuwa yanacheza tangu mavuno ya maharage, na daktari wa meno kule hospitali alikuwa ameyagusa kwa kidole kimoja tu akatikisa kichwa. Yote ya mbele, juu na chini, yatoke Jumatatu. Baadaye, fizi zikipona, angetengenezewa ya bandia, na huenda angeyazoea. Lakini mtu anayepuliza filimbi ya kulaza huegemeza midomo yake kwenye meno yake mwenyewe, kama mtu anavyoegemea ukuta wa nyumba aliyozaliwa. Kristian alikuwa na umri wa kuitwa babu. Hakujidanganya.

"Ukuta ukibomoka, upepo unakwenda unakotaka," aliwahi kumwambia mkewe, akacheka, na Efrazia hakucheka.

Alichotaka Efrazia kilikuwa kitu kidogo. Kilikuwa kipande kimoja kifupi cha muziki, cha filimbi na piano, kisichomaliza hata muda wa kuchemsha chai. Mwalimu wao wa muziki, marehemu mwalimu Timotheo, aliwafundisha kile kipande walipokuwa vijana, yeye kwenye piano na Kristian kwenye filimbi. Kilitoka Ulaya, hilo walilijua. Jina la aliyekitunga lilikuwa kwenye jalada, na jalada lililiwa na panya zamani. Kwa hiyo nyumbani kwao kiliitwa tu "kile kipande". Kilianza polepole, kikachangamka katikati, kisha kikarudi polepole kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Walikipiga siku ya ndoa yao, ndani ya kanisa hilihili, na watu wa Mgwashi waliokuwa wamezoea shangwe na tarumbeta wakanyamaza, wasijue kama wapige makofi au wasali.

Halafu piano ikalegea.

Ukungu ndio uliofanya. Mwaka baada ya mwaka nyuzi zilishuka, kila moja kwa kiasi chake, mpaka kwaya ikaanza kulalamika. Fundi Anord, seremala wa milango na majeneza, akaitwa. Anord alikuwa na sikio zuri lakini hakuwa na kipimo cha kuanzia, na alipotafuta kitu kimoja ndani ya usharika ambacho sauti yake haijawahi kubadilika, akaiona kengele. Akapanda mnarani, akaigonga, akashuka mbio akiwa anaimba ile sauti mdomoni isimpotee, akakaza uzi wa kwanza ufanane nayo. Nyuzi nyingine zote zikafuata. Piano ikawa safi. Ila ilikuwa chini ya mahali pake, na hakuna aliyejali, maana akina mama wazee wa kwaya waliipenda hivyo. Sauti za juu hazikuwakaba tena.

Walioumia walikuwa watu wa tarumbeta. Jumapili ya kwanza walipojaribu kupiga pamoja na piano, mchungaji aliinua mkono kabla ubeti haujaisha. Tangu siku hiyo utaratibu ukawa mmoja: tarumbeta nje, piano ndani. Watoto waliozaliwa baadaye walidhani ni sheria ya kanisa. Kristian, aliyekuwa anapuliza besi, lile tarumbeta kubwa linalokumbatiwa kama ndama, akawa mtu wa nje. Efrazia akawa mtu wa ndani. Walikuja kanisani pamoja kila Jumapili, wakaachana mlangoni, wakakutana tena wakati wa mnada wa sadaka za mazao. Filimbi ikabaki kwenye boksi lake juu ya kabati, imefungwa kwa kitambaa.

"Nakwenda kumwita Anord," Efrazia alisema sasa, akafunika piano.

"Utamwambia nini?"

"Aipandishe."

Kristian alimtazama mkewe akishika mlango wa kanisa kwa mkono ule mpana wa mpalilia kabichi. Aliufahamu ule mgongo. Ulikuwa ni mgongo wa mtu ambaye akisema leo tunamaliza shamba la chini, shamba la chini linaisha.

*

Anord alikuja na ufunguo wa nyuzi aliojitengenezea mwenyewe, na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Onga makeo, mama," alisalimia kwa lugha ya nyumbani. "Shikamoo."

"Marahaba, fundi. Umeamkaje?"

"Salama. Mzee, shikamoo. Naona leo mmekuja kumgombanisha kengele na mwenzake."

"Kengele iache mnarani," Efrazia alisema. "Mimi nataka piano ipande. Kidogo tu. Ifike kwenye filimbi."

Anord aliondoa ubao wa mbele, akaingiza kichwa ndani, akakaa huko kwa muda. Alipotoka alikuwa haongei kwa utani tena.

"Mama, hii piano ni bibi kizee. Amekaa ameinama hivi miaka mingi, ameshazoea. Ukimwambia asimame wima ghafla, kiuno kinakatika."

"Umejuaje kabla hujajaribu?"

"Nimeona kutu."

"Jaribu, fundi."

Anord alimtazama Kristian, kana kwamba mume angesema neno. Kristian alikuwa anaangalia dirisha.

"Basi tujaribu kwa mmoja," Anord alisema. "Huu hapa wa kibao cheusi, kushoto kidogo ya katikati. Nyuzi zake mbili zilikatika zamani, umebaki mmoja peke yake. Na nyimbo zenu nyingi hazikigusi. Ukishika, na wengine watashika. Ukikatika, hakuna mwimbaji atakayelia."

Aliweka ufunguo, akakaza kwa kifundo cha mkono, taratibu, sikio likiwa karibu kabisa na mbao. Efrazia alibonyeza kibao, akabonyeza tena. Sauti ilipanda. Ilipanda kama mtu anayepanda ngazi za shamba na mzigo kichwani, hatua moja, apumzike, hatua nyingine. Uso wa Efrazia ulianza kufunguka.

Pah!

Uzi uliruka, ukapiga mbao kwa ndani, ukalia kwa muda, ukanyamaza. Anord aliruka nyuma ameshika shavu, akaangalia kiganja kama kuna damu. Hakukuwa na damu. Efrazia alibonyeza tena kile kibao cheusi. Hakikutoa sauti ya muziki. Kiligonga tu, tok, kama kidole kwenye meza.

"Nisamehe, mama," Anord alisema.

"Usiombe msamaha. Mimi ndiye niliyekutuma."

"Nitaagiza uzi. Lakini si wa wiki hii. Na hawa wengine, mama, siwagusi tena. Nitakuulia piano, Jumapili kwaya ikose pa kushika, na mimi nihame kijiji."

Efrazia na Kristian walirudi nyumbani. Njia ilipita katikati ya bustani za karoti, na wanawake waliokuwa wanaosha karoti mtoni waliwasalimia kwa mbali. Kristian alibeba boksi la filimbi kwapani.

"Tuliache, mke wangu," alisema walipofika kwenye mpera wa nyumbani. "Tulikipiga siku ile, na kilikuwa kizuri. Mimi bado nakikumbuka chote. Hiyo inanitosha."

"Mimi sitaki kukikumbuka," Efrazia alisema. "Nataka kukipiga."

Kristian aligusa meno yake kwa ulimi, akaingia ndani.

*

Kesho yake Efrazia alikuwa shambani anapandikiza miche ya kabichi, na simu ikaita ndani ya mfuko wa sweta. Ilikuwa Janeth, binti yao, mwalimu wa shule ya msingi huko Tanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Watoto?"

"Hatujambo. Baba anasema umemtia fundi Anord uzi usoni."

Efrazia alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake. "Baba yako anakusengenyea kila kitu."

"Mama, nisikilize. Ukienda kanisani nipigie, uweke simu juu ya piano. Mimi huku nina programu, inasikia sauti inasema ni nota gani. Tuone imeshuka kiasi gani hasa."

"Itanisaidia nini kujua kiasi? Haipandi."

"Si tujue tu, mama."

Alasiri alikwenda, akaiweka simu juu ya piano, pembeni ya kitabu cha nyimbo.

"Piga C," Janeth alisema toka ndani ya simu, na nyuma yake kulisikika muuza madafu.

Efrazia akabonyeza.

"Inasema B. Piga nyingine. Piga D."

Akabonyeza.

"C shapu, kibao kimoja chini ya D. Piga G... Mama, unajua nini? Imeshuka nusu sauti kamili. Kila moja nusu sauti. Fundi Anord ni kiboko, hajakosea hata mahali pamoja. Amekosea pote sawasawa!"

Walicheka wote wawili, na Efrazia alirudi shambani kumalizia miche kabla jua halijazama nyuma ya mlima. Alifurahi kwa kuisikia sauti ya mwanaye. Zaidi ya hapo hakuona faida.

Shamba lao lilikuwa la ngazi, kila ngazi na ukuta wake wa mawe, na miche ilipandwa kwa kamba: unaifunga kwenye mambo, vile vijiti vya kuchomeka ardhini, unaitandaza, unachimba shimo kila penye fundo. Efrazia alipiga magoti kwenye ngazi ya juu. Kwenye fundo la kwanza jembe liligonga jiwe. Akachimba pembeni, jiwe. Lilikuwa jiwe kubwa, mzizi wa mlima wenyewe, na halikuwa na nia ya kumpisha. Basi alifanya alichofanya kila msimu kwenye mawe ya namna hiyo: aling'oa mambo, akausogeza mstari mzima hatua moja kulia, akaanza upya. Shimo la kwanza likawa mahali pa la pili. La pili mahali pa la tatu. Alipomaliza, akasimama kuunyoosha mgongo, akautazama mstari. Ulikuwa mstari uleule. Nafasi zilezile kati ya mche na mche. Mtu aliyepita njiani asingejua kuwa kulikuwa na jiwe.

Alisimama hapo na mche mmoja mkononi mpaka majani yake yakaanza kulegea.

Jioni ile Kristian alimkuta jikoni, sufuria la ugali limetulia pembeni, yeye ameinama juu ya ubao wa kuchambulia maharage. Alikuwa amechora vibao vya piano juu yake kwa kipande cha mkaa, vyeusi vimejazwa, vyeupe vimeachwa. Vidole vyake vilikuwa vinatembea.

"Unafanya nini, mama Janeth?"

"Nahama."

"Unahamia wapi?"

"Kibao kimoja kulia." Hakuinua macho. "Piano iko nusu sauti chini. Basi, sitaipandisha. Nitapanda mimi. Kila nota ya kile kipande naisogeza kibao kimoja kulia. Wewe puliza palepale pa zamani, usibadilishe kitu. Tutakutana."

Kristian aliketi kwenye kigoda. Alikuwa anakijua kile kipande. Katika hali yake ya zamani kilikuwa chepesi kwa mikono, karibu chote juu ya vibao vyeupe, barabara pana. Akisogea kibao kimoja kulia kila kitu kingepanda juu ya vile vyeusi, vyembamba, virefu, ambako kidole kikiteleza hakuna pa kuangukia.

"Vidole vyako havijui njia hiyo," alisema.

"Vitajifunza."

"Kabla ya Jumatatu?"

"Wewe una la kufanya zaidi ya kuniuliza maswali? Kafanye mazoezi."

Lakini Kristian hakufanya. Siku zilizofuata Efrazia alikwenda kanisani kila alasiri baada ya shamba, akarudi na mabega yameshikana, akaendelea kwenye ubao wa maharage mpaka mkaa ukafutika na kugeuka kivuli. Kristian alichanja kuni. Alipeleka mbolea shamba la juu. Alitengeneza mlango wa zizi ambao haukuwa umeharibika. Boksi la filimbi lilibaki mezani, na alilizunguka kama watu wanavyomzunguka mgeni ambaye hajaeleza kilichomleta.

Jumamosi Efrazia alimfuata zizini.

"Unaogopa nini, baba Janeth?"

Kristian aliendelea kumkuna ng'ombe shingoni. Ng'ombe alifumba macho.

"Pumzi," alisema. "Pale katikati, panapochangamka, kuna ile sentensi ndefu. Ujana wangu niliipita kwa pumzi moja. Sasa siwezi. Nimejaribu peke yangu, kule juu msituni, usinione. Inakatika. Na nikikatika pale, hicho ndicho kitakuwa cha mwisho kubaki masikioni mwako. Afadhali ubaki na kile cha siku ya ndoa."

Efrazia akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe na mimi nina pangu. Kile kibao kilichokatika uzi. Zamani kile kipande hakikukigusa kabisa. Sasa nimehama, nimeangukia juu yake. Kipo palepale katikati, mwisho wa sentensi yako ndefu. Wewe unapomaliza, mimi najibu kwa ile nota. Na haipo."

"Haipo?"

"Inasema tok."

Kristian alimtazama. Ndevu zake fupi zilitikisika kwanza, halafu mabega, na mwisho akacheka mpaka akashika taya kwa maumivu ya meno.

"Yaani mimi sina pumzi na wewe huna nota."

"Ndiyo."

"Mahali pamoja."

"Mahali pamoja, baba Janeth."

*

Jumapili baada ya ibada watu walitoka nje kwenda kwenye mnada, kama kawaida. Sadaka za mazao zilipangwa juu ya meza kwenye nyasi: kabichi, miwa, mayai kwenye kikapu, kuku mmoja amefungwa miguu na ameshakubali yote. Mzee Martin, mwenye sauti iliyozidi ya tarumbeta, alinyanyua kabichi juu ya kichwa chake.

"Kabichi la mama Rahabu hili! Angalieni lilivyojaa! Mkilikosa mtalala na nini?"

"Na mke wangu!" mtu alijibu, na umati ukacheka.

Ndani kanisa lilikuwa tupu. Jua lilikuwa limepasua ukungu na kuingia kwa dirisha la mashariki, likalala kwenye sakafu. Efrazia aliketi. Aliweka mbele yake karatasi za zamani zisizo na jalada, ingawa zilisema vitu ambavyo mikono yake isingevifanya. Kristian alisimama ubavuni mwa piano, mahali aliposimama siku ya ndoa akiwa na suti ya kuazima.

"Taratibu," alisema.

"Taratibu," mkewe alijibu.

Alianza yeye. Vidole vilipanda juu ya vibao vyeusi, vikaona pako salama, vikaendelea. Kisha filimbi ikaingia, na Efrazia alijikaza akisubiri lile tetemeko, lile la kukwaruza meno. Halikuja. Sauti ya filimbi ilishuka juu ya sauti ya piano, ikatua, zikawa kitu kimoja. Kwa mshangao nusura asahau mkono wa kushoto.

Kile kipande hakikuwa na haraka. Kilikwenda kama mtu anayetembea kwenye shamba lake mwenyewe asubuhi, anagusa jani hapa, anainua jiwe pale. Kristian alipuliza na macho amefumba. Sauti yake haikuwa ile ya ujana, iliyong'aa kama sufuria mpya. Ilikuwa na upepo ndani yake, kidogo kama ukungu, na nota moja ya juu ilitetemeka, karibu ianguke, ikashika. Nje mzee Martin alikuwa anasema "mara ya pili," kisha hakusema ya tatu. Anord, aliyekuwa anapita na kiti cha mchungaji kichwani, alisimama mlangoni na kiti chake hukohuko kichwani.

Wakafika katikati. Kipande kikachangamka. Sentensi ndefu ikaanza, ikapanda ngazi, ikazunguka, ikapanda tena, na Efrazia akaisikia pumzi ya mumewe inapungua, inapungua, kama maji ya mtungi yanavyopungua sauti. Alimsindikiza. Hakukimbia, hakumwacha. Nota ya mwisho ya filimbi ilitoka nyembamba kama uzi, na palepale Efrazia akakibonyeza kile kibao cheusi.

Tok.

Na ndani ya ile nafasi tupu, ambapo piano ilipaswa kujibu, Kristian alivuta pumzi.

Ilisikika kanisa zima. Pumzi pana, ya raha, ya mtu aliyefika juu ya mlima akaweka mzigo chini. Halafu akaendelea, na Efrazia akaendelea naye, wakarudi pamoja kwenye ule mwendo wa polepole wa mwanzo, mpaka mwisho, mpaka vidole vikasimama juu ya vibao na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuviondoa.

Anord ndiye aliyeharibu. "Lakini mama," alisema toka mlangoni, kiti bado kichwani, "mbona zimekubaliana?"

*

Jumapili iliyofuata tarumbeta zilipiga nje bila besi. Zilisikika nyepesi, kama nyumba iliyoondolewa kabati kubwa. Efrazia alizisikiliza akiwa ndani, anafuta vibao kwa kanga. Tangu Jumatatu Kristian alikuwa akinywa uji na kuongea kwa vidole; mdomo wake ulikuwa umeingia ndani na kumfanya aonekane mzee kuliko baba yake katika picha. Filimbi ilirudi kwenye kitambaa chake. Asubuhi walikuja pamoja mpaka mlangoni, na hapo Efrazia aliachana naye kama kawaida, bila kuuliza atakaa wapi.

Watu walikuwa bado wanaingia, wanatafuta nafasi, wanasalimiana kwa sauti za chini. Ilikuwa desturi apige kitu wakati huo. Alifungua kitabu cha nyimbo, kisha mikono ikakataa. Ikaenda yenyewe kwenye vibao vyeusi, kibao kimoja kulia, ikaanza kile kipande, upande wa piano peke yake, na nafasi za filimbi zikabaki wazi kama viti vya watu waliochelewa.

Alihisi benchi linazama kidogo. Mtu alikuwa ameketi pembeni yake, harufu ya moshi wa kuni na sabuni, na skafu imefunika kinywa. Hakugeuka kumtazama. Katikati pakachangamka. Alisindikiza sentensi ndefu ambayo haikuwepo, akaipandisha ngazi, akaizungusha, akaipandisha tena, hakukimbia. Kidole kikashuka juu ya kile kibao cheusi.

Tok.

Na hapo pembeni yake, chini ya skafu, akasikia pumzi inavutwa, pana, mahali pake hasa.